Kwa Niaba ya Aliyepaswa Kufa

Msomaji wangu, nakuandikia nikiwa nimesimama kwenye foleni. Karatasi nimeiegemeza mgongoni kwa bwana aliye mbele yangu, naye ameniruhusu, mradi nisibonyeze sana kalamu. Ukiona habari hii inakimbia, ujue foleni imesogea. Ukiona imetulia mahali pamoja, ujue tumesimama kama kawaida yetu. Foleni yenyewe ni ya nini nitakwambia mwishoni, maana hutaielewa kabla hujamjua Bi Mashavu.

Nchi yetu sitaitaja jina. Si woga. Kulitaja jina la nchi hadharani kunahitaji kibali, na dirisha la vibali limefungwa kwa kuwa mwenye ufunguo amekwenda semina. Inatosha ujue kwamba ni nchi ya amani, kiasi kwamba amani yenyewe ina wizara, na wizara hiyo ina magari mengi yenye vioo vyeusi.

Katikati ya mji mkuu kuna Uwanja wa Shukrani. Hapo ndipo tunapokwenda kushukuru. Tulishukuru kwa barabara kabla haijajengwa, na tulishukuru tena ilipohamishiwa mkoa mwingine. Tulishukuru kwa mvua iliponyesha, tukashukuru ilipoacha. Na siku zote tunashukuru wima, kwa sababu uwanja ule hauna pa kukaa, ukiondoa viti vya hema kuu, ambavyo ni vya waheshimiwa. Mtu wa nchi yetu ukimkuta popote duniani utamtambua kwa vifundo vya miguu. Vimevimba kama vina siri.

Usidhani basi kwamba kusimama huku ni uzembe wa serikali peke yake. Ni dini pia. Zamani mtu mmoja aliyeitwa Babu Wima alisimama uwanjani pale akisali mpaka akafa, na inasemekana hata alipokwisha kufa hakuanguka mpaka alipoombwa. Wafuasi wake, Waumini wa Kusimama, wanaamini ardhi ile ni takatifu na haikaliwi. Wao husimama wakisali, wakila, hata wakinyolewa. Kiongozi wao, Mtukufu Nguzo, ni mtu mnene mwenye sauti nzuri, ambaye kwa sababu za kiafya hufanyia kusimama kwake ndani, mlango ukiwa umefungwa kwa komeo.

*

Mambo yaliharibika pale Baba Mlezi, ndiye mkuu wa nchi yetu, aliporudi kutoka safari ya ng'ambo. Huko alikokwenda aliona wananchi wameketi uwanjani wanatafuna mahindi, na serikali yao haikuanguka. Jambo hili lilimshangaza sana. Akaamuru Uwanja wa Shukrani uwekwe mabenchi ya saruji, na akatangaza kwamba yeye mwenyewe atakuwa mtu wa kwanza kuyakalia, ili wananchi waone kukaa kunavyofanywa.

Siku ya sala iliyofuata, Mtukufu Nguzo alipanda mimbarini na kuzungumza kwa vipaza sauti vilivyosikika mpaka sokoni.

"Atakayekaa wa kwanza pale alipokufa Babu Wima, hatainuka!" alisema. "Tutamuua. Nimesema kuua, ili pasiwe na mtu wa kunitafsiri vibaya."

Sokoni watu walisikia, wakaendelea kupima dagaa. Idara ya Usikivu ya serikali, kwa upande wake, ilifanya uchunguzi mrefu na wa hatari, ukihusisha maofisa waliojifanya vipofu, na mwishowe ikagundua kwamba kuna njama. Taarifa ikapelekwa kwa Baba Mlezi ndani ya bahasha iliyofungwa kwa lakiri.

Huenda unajiuliza kwa nini Mtukufu Nguzo hakukamatwa. Swali lako ni la mtu asiyesoma sheria. Kumkamata mtu wa dini kabla ya tendo ni kuingilia uhuru wa kuabudu. Kumkamata baada ya tendo ni kuheshimu uhuru huo pamoja na sheria. Wataalamu wakashauri tendo lisubiriwe. Kuahirisha sherehe nako kusingewezekana, kwa sababu fulana zilikuwa zimeshachapishwa.

Basi Baba Mlezi akapata udhuru.

Hapa lazima nieleze mila yetu moja. Kwetu sisi mgeni rasmi haji. Akija, watu huhisi shughuli yao ni ndogo, mgeni hana kazi nyingine. Mgeni rasmi wa kweli hupata udhuru na kutuma mwakilishi, na mwakilishi huyo, kwa mujibu wa itifaki, ndiye yeye. Anapigiwa saluti yake, anakula kuku wake, anasoma hotuba yake pamoja na kikohozi kilichoandikwa kwenye mabano.

Udhuru wa Baba Mlezi ukamwangukia Makamu. Makamu akakumbuka ana jino. Waziri wa Mapumziko ya Jamii akapatwa na kazi nyingi, jambo lililowashtua watumishi wa wizara yake. Mkuu wa Mkoa akaugua malaria akiwa kwenye simu, tukamsikia anavyoanza kutetemeka. Mkuu wa Wilaya alifiwa na mjomba; mjomba mwenyewe alipopigiwa simu ya pole alilia sana, akauliza amezikwa wapi. Hatimaye heshima ile ikashuka ngazi zote mpaka ofisi ya kata, mezani kwa Mtendaji wetu, Bwana Pandu, ambaye ana watoto na anaogopa hata sindano.

Chini ya Bwana Pandu palikuwa na mtu mmoja tu. Bi Mashavu, mpika chai.

*

Asubuhi ile Bi Mashavu alikuwa anapepea mkaa nyuma ya ofisi. Ni mama wa makamo aliyeanza kuzeeka kuanzia miguuni. Nyumbani alikuwa amemwacha mjukuu wake, Tausi, akiwa amesukwa upande mmoja wa kichwa na upande wa pili umetimka, kwa sababu alfajiri mafuta ya taa yalikwisha. Alimwahidi atammalizia jioni.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Pandu.

Bi Mashavu akageuka kuona nani anasalimiwa. Miaka yote ile hakuwahi kuamkiwa na Mtendaji.

"Marahaba, baba. Chai bado."

"Leo achana na chai. Leo umeteuliwa."

"Kufanya nini?"

"Kukaa."

"Kukaa tu?"

"Kukaa tu, mama. Uwanjani, mbele ya taifa. Utavalishwa kitambaa begani."

Bi Mashavu alikuwa mtu wa kushukuru kama sisi wote, na alikuwa ameshafungua mdomo ashukuru. Lakini pembeni palikuwa na ofisa wa Idara ya Usikivu, kijana mwenye miwani, ambaye mafunzo yake yalimlazimisha kuwa muwazi kwa raia.

"Kwa uwazi, mama," akasema, "kuna uwezekano mdogo wa kuuawa."

"Mdogo kiasi gani?"

"Mdogo ukilinganisha na ule wa kutouawa. Hapana, samahani. Nimeugeuza."

Bi Mashavu akaiweka chini pepeo ya mkaa.

"Nani anataka kuniua mimi? Nimemkosea nini?"

"Si wewe, mama. Wewe si lolote, usijitie wasiwasi. Anayetakiwa ni Baba Mlezi. Wewe utakufa kwa niaba tu."

"Na maumivu?"

Ofisa akafikiri. "Maumivu yatakuwa ya kwako."

"Basi na mimi nina udhuru," akasema Bi Mashavu. "Nina kichwa cha mtoto nimekiacha nusu."

"Udhuru ni haki yako," akasema Bwana Pandu. "Mteue wa kukuwakilisha. Nani yuko chini yako?"

Wakatazama huku na huko. Chini ya Bi Mashavu palikuwa na paka wa ofisi, amelala kwenye gunia la mkaa, na itifaki haimtambui.

*

Haki inataka niseme kwamba upande wa pili nao walikuwa na udhuru. Ufunuo ulimtaka Mtukufu Nguzo atekeleze tendo kwa mkono wake mwenyewe. Lakini Mtukufu ana goti. Akamtuma naibu wake, ambaye alikuwa amefunga na hawezi kuua akiwa na njaa. Naibu akamtuma mzee wa sala, mzee wa sala akamtuma mkuu wa kwaya, na mkuu wa kwaya akampata Ngwali, mfagiaji wa nyumba ya sala. Ngwali alikuwa kijana mpole aliyejiunga na dini ile kwa sababu marehemu mama yake alikuwa humo, na hakuwa na mahali pengine pa kusimama.

Bastola iliyobarikiwa kwa ajili ya kazi hiyo ilikuwa na kutu, kwa hiyo nayo ilipata udhuru. Ikawakilishwa na kisu cha jikoni.

*

Sote tulikwenda. Tungekosaje? Tuliahidiwa soda.

Jua lilikuwa kali. Bendi ilipiga. Ilikuwepo kwaya ya shangwe iliyovaa manjano na kwaya ya maombolezo iliyovaa nyeusi, na ile ya pili ndiyo iliyoonekana kufanya mazoezi. Kando ya hema kuu palikuwa na hema dogo la rambirambi, limeshapambwa. Walinzi walipanga mstari kuzunguka benchi, kisha wakaamriwa wageuke watazame upande wa pili, ili hatari isiwakute wanaiangalia.

Mshereheshaji akashika kipaza sauti.

"Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa wawakilishi wa mgeni rasmi, itifaki imezingatiwa! Kabla mgeni rasmi hajakaa, na kwa kuwa hatujui kama baada ya hapo atapata nafasi, naomba tumpigie makofi yake yote sasa!"

Tukapiga. Bi Mashavu alisimama mbele ya benchi, kitambaa cha rangi za taifa begani, hotuba ya Baba Mlezi mkononi. Aliisoma. Ilikuwa hotuba ndefu juu ya historia ya kukaa tangu zama za mawe. Mahali palipoandikwa kikohozi, alikohoa. Alipomaliza alikunja karatasi, akalitazama benchi, akatutazama sisi, na hakukaa.

Tukasubiri. Waliokuwa hemani walisubiri wakiwa wamekaa. Kwaya ya maombolezo ilivuta pumzi, ikaishikilia, ikaiachia. Bi Mashavu aliegemea mguu huu, akaegemea ule. Nina aibu kusema kwamba miongoni mwetu tuliokuwa karibu wapo walionong'ona, "Si akae tu, tukanywe soda."

Ndipo Ngwali alipojitokeza kwenye umati, amevaa kanzu ya watu wa Kusimama, kisu kimejificha mkononi vibaya sana. Askari walimfungulia njia.

"Pisheni, pisheni muumini apite. Dada, sogea, utaumia."

Akafika mpaka kwenye benchi. Wakatazamana.

"Ni wewe?" akauliza Bi Mashavu.

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Hicho kisu mbona kinanuka vitunguu?"

"Ni cha jikoni. Niwie radhi."

"Umetumwa?"

"Nimetumwa. Na wewe?"

"Nimetumwa."

Wakatikisiana vichwa, kama watu wawili waliokutana kwenye benchi la hospitali.

"Mama, nakuomba," akasema Ngwali polepole, "usikae. Ukikaa nitalazimika. Mimi hata kuku sijawahi."

"Mwanangu, tangu asubuhi nimesimama. Miguu hii siisikii tena. Nikiendelea hivi nitaanguka."

"Basi anguka! Kuanguka si kosa."

"Nikianguka nitakuwa nimelala. Kulala dini yenu inasemaje?"

Ngwali akakunja uso. Alirudia mafundisho yote kichwani, tukamwona midomo inacheza. Kukaa kulikatazwa. Kuchuchumaa kulikatazwa. Kuegemea kulikuwa na mjadala.

"Kulala hakujasemwa," akasema mwishowe, na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliyeokota kitu barabarani.

"Uko hakika?"

"Haki ya marehemu mama."

Basi Bi Mashavu akavua kandambili zake, akazipanga vizuri, akajishika kiuno, na kwa tahadhari kubwa, bila makalio yake kutangulia, akajilaza juu ya benchi la taifa kama mtu anayetelezeshwa kitandani na wauguzi. Akafumba macho. Hakuigiza, msomaji. Alilala usingizi. Alikuwa amechoka.

*

Serikali ilichokiona kutoka hemani kilikuwa hiki: mwanamke amelala chali, mtu wa Kusimama yuko juu yake, kisu mkononi. Hicho hasa ndicho walichokuwa wanakisubiri tangu asubuhi, na mtu akisubiri jambo muda mrefu halikagui likifika.

Tarumbeta zikalia. Kwaya nyeusi ikaanza ubeti wa kwanza kwa furaha kubwa. Redio ikatangaza kwamba taifa limepata pigo, na hotuba ya majonzi ya Baba Mlezi, iliyorekodiwa wiki iliyopita, ikarushwa hewani. Mtukufu Nguzo, kutoka ndani ya chumba chake, akatangaza ushindi wa Babu Wima. Bendera ikashushwa nusu mlingoti na jeneza likatolewa nyuma ya hema. Kwa kuwa kila mtu aliogopa kusogelea mwili wenye kesi, jeneza lilijazwa matofali yaliyosalia kwenye ujenzi wa mabenchi, likapelekwa makaburi ya mashujaa juu ya gari la mzinga la kukokotwa. Sisi tukalifuata tukilia. Wachache tulijua. Lakini utamwambia nani, wakati bendi inapiga?

Bi Mashavu alipoamka jua lilikuwa limelegea. Uwanja ulikuwa mtupu, chupa za soda kila mahali. Ngwali alikuwa bado amesimama pale pale, ametandaza kanzu yake kwa mikono miwili kumkinga na jua.

"Wamekwenda wapi watu?"

"Kwenye mazishi yako."

Bi Mashavu akalifikiria hilo.

"Wamepika?"

"Pilau, nasikia."

"Hawakuniachia?"

"Hapana, mama."

Akavaa kandambili zake, akaenda nyumbani, akamalizia kichwa cha Tausi.

*

Kesho yake alikwenda kazini. Bwana Pandu alipomwona alishika ukuta.

"Mama, wewe umekufa."

"Chai mtakunywa au hamtakunywa?"

"Tutakunywa," akasema Bwana Pandu, baada ya kutafakari. "Ila kufa umekufa. Kimetangazwa kifo chako na Baba Mlezi mwenyewe. Ukiwa hai, nani amesema uongo?"

Bi Mashavu hakutaka makuu. Mshahara wake ukasimamishwa, kazi ikaendelea.

Polisi walikwenda kumkamata muuaji, kwa kuwa sasa tendo lilikuwa limefanyika. Nyumba ya sala ikajibu kwamba Ngwali ana udhuru, na ikatoa kisu kimwakilishe. Kisu kikashtakiwa. Hakikuwa na la kusema, na hakimu alilichukulia hilo kuwa ni kiburi. Kikahukumiwa kifungo cha maisha, na mpaka leo kiko katika chumba cha peke yake gereza kuu, ambako wafungwa wa jirani wanalalamika kutokwa machozi.

Baada ya hapo serikali na Waumini wa Kusimama walipatana, kwa sababu wote walikuwa wamepata walichotaka. Wakakubaliana juu ya mabenchi pia. Kwa heshima ya shujaa aliyeuawa pale, na kwa heshima ya Babu Wima, mabenchi yalizungushiwa mnyororo, na ikawa marufuku kwa mtu yeyote aliye hai kuyakalia.

*

Mwaka ukapita. Ikafika kumbukumbu ya marehemu Bi Mashavu, na mgeni rasmi alikuwa Baba Mlezi. Nadhani unajua yaliyofuata. Jino la Makamu, kazi za Waziri, malaria. Mjomba akafa tena.

"Shikamoo, mama," alisema Bwana Pandu, akiwa mlangoni mwa jiko.

"Sema tu, baba," akajibu Bi Mashavu. "Nakuja."

Alivalishwa kitambaa kile kile. Alisoma hotuba ya Baba Mlezi iliyomsifu marehemu kwa ujasiri wake, na akasoma kwamba pengo lake halitazibika, akakohoa palipoandikwa. Upande wa Waumini wa Kusimama alikuwepo Ngwali, kwa niaba ya Mtukufu Nguzo. Kisu kikiwa jela, alikuja na kijiko.

"Ndugu wananchi," akasema mshereheshaji, "naomba sasa tusimame kwa dakika moja kumkumbuka shujaa wetu!"

Tulikuwa tumesimama tayari. Tukasimama zaidi.

Katika kimya kile tukasikia mnyororo unalia. Bi Mashavu aliuinua, akapita chini yake, akaenda kwenye benchi. Safari hii hakujilaza. Alikaa, kwa makalio yake yote, akanyoosha miguu mbele.

"Mama!" ofisa mwenye miwani akanong'ona kwa ukali. "Simama! Tunamkumbuka marehemu!"

"Marehemu ni mimi, baba."

"Wewe ni mwakilishi wa Baba Mlezi!"

"Hotuba yake nimeshamaliza. Sasa niko kwa niaba yangu mwenyewe."

Ofisa akamtazama mshereheshaji. Mshereheshaji akapekua itifaki kichwani: kama marehemu anapaswa kusimama kwenye dakika yake mwenyewe, hakuna palipoandikwa. Hemani waheshimiwa wakatazamana. Kumwinua kungekuwa kumtangaza hai, na kumtangaza hai kungekuwa kumwambia Baba Mlezi amezika matofali. Macho yote yakamgeukia Ngwali na kijiko chake.

"Na wewe, mwanangu?" akauliza Bi Mashavu. "Marehemu akikaa, dini yenu inasemaje?"

Ngwali hakuchelewa kama mara ile. Nahisi alikuwa amelifikiria mwaka mzima.

"Haijasemwa," akajibu.

Basi Bi Mashavu akabaki amekaa. Akavua kandambili, akaanza kujikanda vifundo, taratibu, kimoja baada ya kingine. Dakika moja ikapita, hakuna aliyeimaliza. Hatukupiga makofi. Hatukushangilia. Tulisimama maelfu kwa maelfu kwenye lile jua, tunaitazama ile miguu inapumua, na kwa mara ya kwanza katika Uwanja wa Shukrani hatukuwa na lolote la kushukuru. Tulikuwa na wivu.

Na hiyo ndiyo foleni, msomaji wangu. Ilianza asubuhi iliyofuata mbele ya dirisha la kuandikisha vifo, imepinda nyuma ya benki, imezunguka soko, sasa nasikia mkia wake umefika uwanjani kwenyewe. Kuna wazee, kuna wajawazito, kuna walimu. Ngwali yuko watu kadhaa mbele yangu, kwa niaba ya nafsi yake. Bi Mashavu anapita na birika akitugawia chai. Dirisha bado halijafunguliwa, maana mwenye ufunguo ni yule yule wa vibali, na semina imeongezwa muda.

Bwana wa mbele yangu anasema niache kuandika, mgongo unamuuma. Nimemwambia avumilie kidogo tu, tunakaribia kufa.